Shangazi wa Eliane, Baba wa Rébecca: Maisha ya Élysée Vagheni

Élysée Vagheni Kahongya, tunayemlaza ardhini leo Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, hapa Bulengera mjini Butembo, alizaliwa tarehe 9 Februari 1970 huko Mabalako, upande wa Mangina, katika territoire ya Beni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Phinées Kahongya na Mama Godelive, ambao wote wawili wametangulia. Siku aliyozaliwa nyumba ilikuwa imejaa wageni waliokuja kununua mawese, ndiyo maana akaitwa Vagheni, yaani wageni. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, Malachie, na Mama Godelive hakuzaa tena.

Wasifu huu umeandikwa na Rébecca, mtoto aliyelelewa na marehemu, na ndiye anayeusoma. Upo wasifu mwingine, wa nusu ukurasa, ulioandikwa na Malachie. Huo unasema marehemu alikuwa "kaka yetu mpendwa, mseja, hakuacha mtoto." Karatasi zake zilipigwa chapa kwa wingi, na leo asubuhi wauza karanga wa hapo njiani wameshapata za kufungia karanga.

Élysée alianza shule ya msingi Mangina mwaka 1976, akamalizia sekondari hapa Butembo, akapata diplome ya ualimu mwaka 1989. Zamani hizo kila Jumamosi wavulana walifyeka nyasi za shule na wasichana wakateka maji. Élysée alifyeka sehemu yake, kisha akachukua bidoni na kuteremka mtoni pamoja na wasichana. Mwalimu wa darasa la tano alimchapa mbele ya wote, huku akiuliza, "Weye uko nani, kijana ao binti?" Mtoto akamjibu, "Mwalimu, nyasi imekatika ao hapana? Maji imefika ao hapana?" Akaongezewa fimbo. Mwalimu huyo hatutamtaja jina, kwa kuwa wino ni ghali. Tunasema tu kwamba alikuwa hodari sana wa kuwashinda watoto wa miaka kumi.

Baada ya masomo, marehemu alifundisha miaka miwili, serikali ikimlipa kwa ahadi. Mwaka 1992 aliacha chaki akarudi kwenye mawese, kazi ya wazazi wake. Aliyatoa Mabalako kwa lori mpaka soko la Bulengera. Wanaume hushusha mapipa, wanawake huketi kupima kwa vikombe, na yeye alifanya yote mawili. Alivaa suruali, juu yake akafunga kitenge, na masikioni alitia hereni za marehemu Mama Godelive. Waliomcheka walikuwa wengi. Wengi wao walimcheka kwa mdomo uliojaa maharagwe yaliyoungwa kwa mafuta yake, wakiwa wamekopa.

Alipoulizwa yeye ni nani, hakuzunguka. "Mimi siko mwanaume, siko mwanamuke," alisema. "Mais majina ya jamaa ya bazazi wetu ni yangu yote. Ile inanifaa, naikamata."

Mwaka 2021 aliitwa Beni kwenye semina ya siku mbili, yenye viti vya plastiki na biskuti. Afisa mmoja aliyetoka Kinshasa, jina lake Delphine, alimweleza kwa upole kwamba Kifaransa sasa kina neno jipya kwa watu kama yeye. Élysée alilisikiliza lile neno, akaomba lirudiwe, kisha akasema, "Asante, Mama Delphine. Neno yako ni ya muzuri, mais haina jamaa. Nikisema niko shangazi, kuna mutoto anaitika. Neno yako, nani ataitika?" Delphine alicheka, akakubali kwamba hajui. Huyo tunamheshimu. Katika ukumbi mzima alikuwa peke yake aliyekubali kwamba kuna kitu hajui.

Kuhusu ndoa. Marehemu hakuoa wala hakuolewa. Malachie alimletea mchumba mara mbili, na mara mbili binti wa watu alirudishwa kwao na sabuni, chumvi na maneno mazuri. Ndoa iliyobadili maisha ya Élysée ilikuwa ya mwingine: ndoa ya Eliane, binti wa kwanza wa Malachie, aliyeposwa mwaka 2012 na kijana Mumbere wa Kirumba.

Kila mtu hapa anajua kwamba mahari haijakamilika mpaka mbuzi wa shangazi atolewe. Baba wa Mumbere, Mzee Zorobabel, alikuja na mbuzi huyo, kamba mkononi, akauliza shangazi ni nani. Malachie hakuwa na dada. Angeweza kumwita binti wa baba yao mdogo aliyekuwa Beni, lakini huyo angeondoka na mbuzi, na Malachie ni mtu anayehesabu hata mifupa kwenye sahani ya mgeni. Akaona njia ya kubaki na mbuzi na kuchekesha watu kwa pamoja. "Mupe Élysée!" akapaza sauti. "Si anavaa kitenge? Yeye ndiye shangazi!" Wakwe wakacheka, ndugu wakacheka. Alitegemea kaka yake aone haya, mbuzi abaki uani kwake.

Élysée hakuona haya. Alisimama, akakaza kitenge, akapokea kamba kwa mikono miwili kama ipasavyo, akamshukuru Mzee Zorobabel. Mchana uleule alimchinja yule mbuzi, akampika, wakala wote pamoja na wakwe. Malachie naye alikula, tena alichagua paja. Na maji yakimwagika hayazoleki. Mbuzi wa shangazi akishaliwa mbele ya pande mbili, aliyempokea ni shangazi mpaka kufa, na hakuna kikao kinachoweza kumvua jina hilo. Malachie alitaka kumpa ndugu yake aibu, akampa cheo.

Mwaka 2017 Eliane alituma habari kutoka Kirumba kwamba Mumbere anampiga, na kwamba meno mawili yameshatoka. Baba mtu akaogopa. Baba akienda mwenyewe kumtoa binti yake, ni kama amevunja ndoa, na mahari inadaiwa. Anayeweza kwenda, kuketi na wakwe na kusema mtoto huyu anarudi, ni shangazi. Malachie alikuja Bulengera asubuhi, kofia mkononi. "Kaka, enda unisaidie," akaanza. Élysée alikuwa anapima mafuta, hakuinua macho. "Kaka hana kazi Kirumba," akamjibu. "Tafuta mutu mwenye unatafuta." Malachie akageuka huku na huku aone kama kuna wasikilizaji. Walikuwepo, soko lote. Ndipo akasema polepole, "Shangazi ya mutoto wangu, tafazali."

Shangazi alipanda lori siku ileile. Alikaa jikoni na wanawake wa Kirumba, akasikia kila kitu, kisha akatoka nje akaketi mbele ya Mzee Zorobabel. Mzee huyo alikuwa na haki ya kumfukuza. Hakumfukuza. Alimtandikia mkeka, akamwita shangazi, akamsikiliza mpaka mwisho. Mbele ya shangazi, na si mbele ya mwingine, mzee aliachilia Eliane aende zake pamoja na watoto wake wawili, ambao kwa desturi ni wa ukoo wa baba, na hakudai kitu. Watoto hao ndio Malachie huwapeleka kanisani Jumapili wakiwa wamevaa viatu vya kung'aa, akiwaonyesha watu wajukuu wake. Shukrani ya punda ni mateke.

Mwaka 2018 Ebola ilipoingia Mangina, Rébecca, binti wa watu waliomwuzia marehemu mawese huko, alikuwa na miaka kumi na miwili. Ilimchukua baba yake, kisha mama yake, na majirani waliokuwa wakiwaazima chumvi wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Malachie alisema mtoto wa ugonjwa asiletwe kwenye ukoo. Élysée alikwenda kumchukua kwa pikipiki, mtoto alipokwisha kuruhusiwa na waganga wa hospitali, akamleta hapa. Njiani Rébecca alimwuliza amwite nani. Akajibu, "Mama yako nilimujua, ile nafasi siwezi kuketi. Unitafutie jina mwenyewe." Rébecca alifikiri mpaka wakafika Butembo, akasema, "Baba." Pikipiki ikasimama. Élysée alilia pale barabarani bila kujificha, halafu akanunua mikate.

Shuleni, prefe Hippolyte, mkuu wa shule, mtu wa Kasaï, alipoita wazazi, alimwona mtu mwenye hereni ameketi kwenye benchi ya akina baba. "Baba ya Rébecca ni nani?" aliuliza. "Ni mimi." Prefe akatazama hereni, akatazama benchi. "Bon, Papa Rébecca," akasema, "mutoto wako anaongea sana darasani." Ilimtosha. Mgeni kutoka mbali alihitaji dakika moja kuelewa kile ambacho ndugu wa tumbo moja hajakielewa kwa miaka hamsini na moja.

Ugonjwa. Tangu 2022 marehemu alisumbuliwa na kisukari. Mwezi Agosti mwaka huu kidonda cha mguu kilikataa kupona, akalazwa hospitali hapa Butembo. Rébecca alilala chini ya kitanda chake, na Eliane alileta uji kila asubuhi. Malachie hakufika, alisema harufu ya hospitali inamdhuru. Élysée alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. "Mumuache," alisema, "ataweza harufu ya wali ya matanga." Alifariki Jumatatu tarehe 14 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne. Malachie alifika saa sita, na hema.

Jumanne jamaa waliketi kuhusu mazishi, na jambo lililosemwa pale lazima lisomwe, maana linahusu jinsi marehemu atakavyoitwa leo. Malachie alitoa karatasi yake ya nusu ukurasa. Alisema neno shangazi lisitajwe mbele ya padri na wateja wa biashara yake Malachie, na Rébecca asisimame mahali pa mtoto, kwa sababu aliyekufa bila mtoto hutupiwa udongo wa kwanza na ndugu yake.

Eliane alisimama. "Papa," alisema, "kama yeye hapana shangazi, basi nani alinitosha Kirumba, akanirudisha kwetu? Donc mimi niko bado bibi ya Mumbere. Na batoto ni ya Kirumba."

Mzee Zorobabel alikuwepo. Vita vilimkimbiza kutoka Kirumba mwezi wa sita, na sasa amepanga chumba hapa Bulengera. Alikuja kulia kama mkwe, hakuja kugombana. Lakini aliulizwa, na akajibu. "Mimi nilipatia shangazi mbuzi, na niliachilia batoto mbele ya shangazi. Kama munasema ile mutu hakukuwa shangazi, basi sikuachilia kitu. Kesho asubuhi ninakuja kukamata bajukuu."

Tungependa kuwaambia kwamba Malachie alitubu. Alikunja karatasi yake tu. "Bon," alisema. "Aitwe shangazi." Kisha akatafuta mahali pengine pa kuuma. "Mais shangazi hawezi kuwa baba. Rébecca achague moja. Akisema shangazi, anyamaze juu ya baba, na udongo natupa mimi."

Wapo waliomshauri Rébecca akubali, kwamba moja ni bora kuliko sifuri, na kwamba yatima asishindane na mwenye hema. Usiku na mchana amelifikiri, kwa sababu hana ukoo mwingine na Malachie anaweza kumfungia mlango. Rébecca anaogopa, na anasoma hivi akiwa anaogopa. Lakini marehemu hakuchagua moja alipokuwa hai, na hatachaguliwa moja na watu waliokula mbuzi wake leo akiwa amelala hawezi kujibu.

Élysée Vagheni ameacha ndugu mmoja, Malachie Kahongya, na tunamwombea. Ameacha binti wa ndugu yake, Eliane, anayemlilia shangazi aliyemrudisha nyumbani akiwa hai, pamoja na wajukuu wawili. Ameacha mkwe wa heshima, Mzee Zorobabel. Ameacha akina mama wote wa mawese wa soko la Bulengera, ambao leo wamefunga vibanda. Na ameacha mtoto mmoja, Rébecca Vagheni, anayemlilia baba yake.

Mungu aliyemwumba hakukosea, na ampokee kwa majina yake yote, alale salama.

Baba mudogo Malachie, umesimama nafasi yangu. Songea kidogo, nimutupie baba udongo.