Kamera Inayotaka Kurudiwa

Seremala mstaafu alikuwa amekaa nyuma ya wanawake wawili ndani ya basi, na kwa kuwa hakuna aliyemsemesha, masikio yake yalikuwa na nafasi.

"Mwanga unatembea?" aliuliza mmoja wao, mama aliyevaa nguo nyeusi. "Mwanangu, usinichezee. Mimi nikibonyeza swichi, umeshafika."

"Unatembea, mama," alijibu binti aliyekaa naye, mfanyakazi wa maabara. "Kamera yetu inauona ukipita ndani ya chupa, polepole kama uji."

Mama alimgeukia. "Mume wangu alikata roho nilipogeuka kumchukulia maji. Kugeuka tu. Kamera hiyo ingenionyesha alivyoniangalia?"

"Hapana, mama. Hata mwanga hatuupati kwa mara moja. Tunaurusha tena na tena, kila mara tunanasa kipande, kisha tunaviunga vyote. Kitu kikitokea mara moja tu, kinatupita."

"Kamera gani hiyo, inayotaka mtu afe kila siku?"

Binti alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Nisamehe, mama."

Seremala alitaka kuwaambia kwamba yeye angeifaa kamera yao. Tangu amzike mkewe, kila jioni hufungua mlango, hupiga hodi kwa mazoea, hubonyeza swichi, na mwanga huangukia kiti kilekile kitupu. Aliinama mbele, akakohoa kusafisha koo. Basi likasimama, yule mama akateremka, na seremala akaegemea tena kiti chake kana kwamba alikuwa na kikohozi tu.