Pua ya Mzee Munyi na Sabuni Isiyonuka

Mzee Salesio Munyi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya mashine za kahawa hapa Karurumo. Karakana itabaki. Ugomvi utapungua.

Alianza kama mwosha vyuma akapanda hadi msimamizi, lakini beseni la petroli na thina hakumwachia mtu. Alichovya gia humo kuziondoa grisi, kwa mikono mitupu, huku sisi tukiumwa na vichwa na kutoka nje kupunga hewa. Alituita watoto wa mama.

Mwaka juzi meneja aliamua tutafute sabuni ya viwandani inayochanganywa na maji, kabla beseni lile halijatuchoma au kutumaliza mapafu. Kwa hekima yake, akamteua Mzee Munyi mwenyekiti wa kamati ya kuchagua. Ilikuwa ni kumpa fisi kazi ya kulinda mbuzi. Kila sampuli aliinusa na kuikataa: "Hii kitu hainuki. Itatoa grisi na nini?" Sampuli tatu zilikataliwa bila kugusa hata boliti moja.

Joyline Kagure, afisa wetu wa usalama, alikuwa na shaka na pua hiyo. Aliwahi kumwona Mzee akipiga tupa kwa utulivu huku githeri yake ikiungua kwenye jiko lililokuwa karibu na goti lake. Basi akajaza makopo mawili, akayafunika kwa kitambaa, na kumwomba mwenyekiti aonyeshe lenye nguvu zaidi. Mzee akanusa kwa heshima yote ya cheo, akachagua la kushoto. La kulia lilikuwa na thina; la kushoto lilikuwa na maji ya mfereji.

Tulicheka, kisha tukaacha. Pua ilikuwa imekufa, na hakuna aliyejua lini, hata yeye mwenyewe. Daktari wa Embu alimwambia huenda ikarudi akiachana na beseni, na huenda isirudi.

Wiki hiyo kamati ilifanya kazi kwa mara ya kwanza. Mzee alijaribu sampuli zote kwa brashi na maji ya moto, akatupa iliyoacha kutu, akachagua iliyong'oa grisi kavu. Bado analalamika kwamba inachelewa. Ni kweli, inachelewa.

Machi mwaka huu, siku chache baada ya mvua ya kwanza, alisimama langoni akauliza ni nani kati yetu aliyejipaka manukato. Hakuna aliyejipaka. Mibuni ya ng'ambo ya ua ilikuwa imechanua, kama inavyochanua kila mwaka tangu aajiriwe. Alibaki pale mpaka chai yake ikapoa. Tulifurahi sana, tukajifanya tuna kazi.

Asante, Mzee, kwa kazi na kwa ubishi. Tunakutakia miaka mingi yenye harufu zote za dunia, hata ile ya choo chetu, ambacho tangu Aprili hujaacha kukilalamikia.