Waridi la Leonie, Lililozibwa Mgongo

Baba Padri, jamaa, majirani, na ninyi mlioketi nyuma ambao tangu mwingie hamjaacha kukodolea jeneza macho, mimi ni Coleta, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Marehemu Leonie Hufkens alizaliwa tarehe 4 Machi 1909 hapa Nijlen, binti wa kwanza wa mkata almasi, akasoma kwa masista hadi mwaka 1923, kisha akaajiriwa katika chumba cha ushonaji mjini Lier, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1964.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 28 Machi 1932, alivishwa pete ya uchumba yenye jiwe la waridi na Gommaar Wouters, huyu shemeji yangu aliyeketi hapa mbele, fundi wa kukata almasi kwa mkato wa waridi, ambaye majuma mawili kabla ya siku hiyo alifukuzwa kiwandani kwa sababu jiwe moja la almasi lilipotea, ingawa alipekuliwa hadi soksi na halikuonekana.

Vijana wa leo mmezoea almasi za kumetameta kama taa za gulio, kwa hiyo niwaambie kwamba waridi ni mkato wa zamani sana huku kwetu, ulipendwa kwa sababu uliokoa vipande vyembamba ambavyo wenye mikato mingine walivikataa, chini ni bapa, juu ni pembetatu ndogondogo zinazopanda hadi ncha kama tumba la ua, na mbele ya mshumaa hung'aa taratibu, kwa upole, mtu akatamani kuliangalia tena. Ila waridi halina tumbo la kurudisha mwanga, hivyo sonara huliziba mgongo kwa bati la fedha, na ndipo mama yetu alipoanza kuishuku pete ile: “Mwanangu, kilichozibwa mgongo kina la kuficha.”

Walifunga ndoa tarehe 3 Septemba 1932 katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Irma mwaka 1934 na Lodewijk mwaka 1937, lakini pete hiyo haikupata amani, maana kila aliyeiona alisema ndilo lile jiwe, na marehemu alipigiwa kelele hata kwa muuza nyama, “Leonie, ficha mkono, polisi wanapita!” naye akajibu, “Na wewe ficha macho, yasije yakadondokea kwenye soseji!”

Gommaar angeweza kuifungua pete mgongo, jiwe likaguliwe, na kukata maneno, lakini hakuifungua, kiwanda kingine hakikumchukua, akakatia mawe nyumbani, nyuma ya mabanda ya sungura, na mimi, ambaye sijapata kumwamini mtu anayenyamaza, nilisema kila Krismasi kwamba lisemwalo lipo.

Mwaka jana, 1977, moyo wa marehemu ulianza kudhoofu, akalazwa Lier mwezi Oktoba mwaka huu, na asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 1978, akatutoka. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, washonaji wenzake, majirani waliomletea supu, na hata wale waliokuja hospitali kuchungulia kidole chenye pete; mikate na kahawa vipo, karibuni.

Lakini Jumapili kabla hajafa alinishika mkono, akanilazimisha niape kusoma haya mbele yenu nyote, nami nayasoma alivyoyasema: “Siku ile ya Pasaka niliipeleka pete mdomoni, watu wakapiga makofi wakidhani naibusu, kumbe naihemea, kama baba alivyotufundisha, kwa sababu almasi hufuta ukungu wa pumzi papo hapo. Ukungu ukakaa. Ni kioo, Coleta. Gommaar hakuiba kitu. Ningesema, ningemwondolea jina la mwizi, ila ningemwaibisha kwa zawadi yake mwenyewe, naye alikubali kuitwa mwizi miaka yote hii ili mimi nisijue.”

Basi mmesikia, wa mbele na wa nyuma, pete iko kidoleni mwake humo ndani, na aliyekuwa na neno juu ya mtu huyu alimeze hapahapa.

Shemeji Gommaar, lililobaki ni lako: nilimuuliza dada kwa nini alikubali kuolewa na kioo, akacheka hadi akakohoa, akasema, “Mwambie nimeona mawaridi mengi ya almasi, hakuna lililokatwa vizuri kama langu.”

Dada Leonie, lala kwa amani.