Nani Amemkagua Mwalimu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa shule yetu ya uzamiaji, waheshimiwa wakufunzi, mama mke wa Mwalimu Mkuu wetu anayestaafu, ndugu wazazi na wageni waalikwa: kabla sijasema lolote, nawasihi, nitakayoyasema yabaki humu ndani. Mwalimu Mkuu yuko nje anapigwa picha pamoja na wahitimu wake kumi na wawili. Nimepewa dakika tatu za kumsifu, nami ninazitumia vibaya.

Mimi ni karani wa chumba cha vifaa. Nimezama mara nne tu maishani. Yeye amezama zaidi ya mara elfu sita. Je, mtu wa mara nne ana haki gani ya kumkosoa mtu wa mara elfu sita?

Utaratibu wetu mnaujua: haingii mtu majini kabla mwenzake hajamkagua mtungi wa hewa, mikanda na kipimo cha hewa, kisha akatia saini kwenye fomu. Mwenzake Mwalimu wa kuzama naye alikuwa marehemu tuliyemwita Shoto, kwa kuwa aliandika kwa mkono wa kushoto na herufi zake zililalia nyuma. Miaka mitatu iliyopita walizama wawili, akarudi mmoja. Siku hiyo hawakukaguana. Wajuzi wawili wangekaguana nini?

Tangu hapo fomu za Mwalimu hunifikia zikiwa na saini ya Shoto. Nilidhani anaiiga kwa majonzi, nikanyamaza. Jumanne iliyopita nilimkuta peke yake chumbani, amenyanyua mikono, anageuka polepole kama mtu anayekaguliwa. Akauliza, "Na mgongoni?" Akangoja. Kisha akasema, "Haya, asante ndugu yangu."

Sindano ya kipimo chake ilikuwa kwenye sifuri. Nikamwambia mtungi haujafunguliwa.

"Ameshaukagua," alisema. "Kwani wewe binti umezama mara ngapi vile?"

"Nne, Mwalimu."

"Basi nenda kahesabu miwani."

Alipoinama kuvaa mapezi, nilipitisha mkono nyuma yake nikaufungua. Hakuhisi. Sikumwambia mtu, hata mama yangu mzazi. Kesho yake nikakuta kwenye fomu, kwa herufi zinazolalia nyuma: "Mtungi umefunguliwa na karani."

Mama mke wa Mwalimu, naona umeinamisha kichwa. Nisamehe. Lakini kesho Mwalimu anazama kwa mara ya mwisho, akiwaongoza watoto wa watu kumi na wawili, na fomu ya kesho nimeikuta mezani kwangu leo. Ina mstari mmoja, kwa mwandiko ule ule: "Mimi basi. Mkague wewe."

Kuwaongoza watu chini ya maji siwezi, na sitajifanya naweza. Kuona sindano iko kwenye sifuri naweza. Alinifundisha yeye mwenyewe, somo la kwanza. Kwa hiyo nitamkagua, ingawa atanifukuza mbele ya wanafunzi wake.

Namwomba mkufunzi mmoja tu asimame nami. Msipige simu ya ofisi, huipokea yeye. Aje kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango wa nyuma, ule wa kijani ulio kando ya mashine ya kujazia mitungi. Agonge, kisha aseme ni nani. Asiyejitaja sitamfungulia.

Asanteni kwa kunitegea sikio. Sasa tafadhali pigeni makofi, wanarudi.