Injini ya Grisi Yaenda Sebuleni

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi hiyo watu wote waliokaa juu yake walikuwa wamelikodolea macho dude lililokaa kwenye stuli. Grisi, aliyetia mafuta injini za meli mpaka akastaafu, alikuwa amekiunda upya chumba cha injini cha meli yake, kidogo cha kubebeka kwa mikono miwili: silinda za betri zilizokufa, mabomba ya mirija ya peni, ngazi za njiti za kiberiti, na saa za presha za vifungo vya shati. Alikuwa na furaha, lakini roho iko mkononi. Mkewe alikuwa ameapa kwamba takataka hizo haziingii sebuleni mpaka aone zina maana gani, na leo angepita akitoka sokoni kutoa hukumu.

— Injini ya meli, kwa nini wanaificha chini kabisa? alianza Wembe, kinyozi mwenye benchi. Ya gari iko mbele, kila mtu anaiona.

— Uzito, Wembe, alijibu Grisi. Ikikaa juu, meli inapinduka.

— Usimdanganye mwenzio, alidakia Wakili, mchukuzi wa mizigo ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kupeleka meza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Iko chini ili mwizi ainame. Akiinama tu, mnaye!

— Mwizi gani ataiba injini kubwa kama nyumba?

— Si unaona? Ndiyo maana haijaibwa!

— Mimi naona inakunywa bahari, alisema Wembe. Maji yanaingia huku, yanatoka kule. Ile chumvi ni jasho la injini.

Grisi alifungua mdomo, akaufunga. Bomba lile kweli lilikuwa la maji ya bahari, ya kupozea injini. Ataanzia wapi kumsahihisha mtu aliyeufikia ukweli kwa kupitia dirishani?

— Mmepotea nyote, alisema muuza kahawa, akimimina. Injini inachemsha bahari. Bahari ikiungua inakimbia, meli inaifukuza.

— Na ikifika nchi kavu? aliuliza Wembe.

— Bahari inakosa pa kukimbilia, meli inasimama. Hapo ndipo panaitwa bandari.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, Wakili alikata shauri. Meli inajitembeza. Kesi imekwisha.

Grisi alikuwa bado anacheka alipomwona mkewe, kapu mkononi. Kicheko kikamkauka.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, shemeji! Karibu!

Mama akatua kapu, akainama. Grisi akazungusha kishikio, na silinda zikaanza kupanda na kushuka. Akaonyesha kimoja kimoja. Pampu hii, jenereta ile, ngazi ya kukimbilia moto ukizuka. Mama alifuata kila kidole kwa macho.

— Na wewe ulikuwa unasimama wapi?

— Hapa katikati. Siku zote.

— Kuna joto?

— Joto? Mama watoto, pale ukitema mate hayafiki chini!

Alisema kwa majivuno. Mama akainuka polepole, mikono kiunoni.

— Basi hebu niambie. Kila likizo nilikufumia sweta, eti baharini kuna baridi. Kila uliporudi ulisema imekufaa sana. Baba watoto, zile sweta ulikuwa unazivaa wapi?

Wembe aligeukia mkasi wake. Wakili, mtetezi wa kila kitu, aliinama kufunga kamba za viatu, naye amevaa ndala. Muuza kahawa akatikisa birika, nalo halina hata tone.

— Nilikuwa nazilalia, Grisi alisema mwishowe. Zote, moja juu ya nyingine. Zilikuwa zinanukia nyumbani.

Mama alimtazama, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na benchi lote likacheka naye, Wakili kwa sauti kubwa kuliko wote kwa kuwa kesi ilikuwa imemshinda. Grisi alijisikia mwepesi.

— Mwongo mkubwa we! Haya, inyanyue twende. Nitaipangia nafasi juu ya kabati, pale wageni watakapoiona.

Grisi akainyanyua injini yake, naye mama akatangulia na kapu, akigeuka kila baada ya hatua mbili.

— Taratibu, baba. Usije ukapavunja pale ulipokuwa unasimama.