Kifungu cha Tisa cha Ardessa Whitlow

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama redio yako iko jikoni, ongeza sauti kidogo, sufuria zitasubiri. Leo tunamkumbuka Ardessa Whitlow wa Harpersfield, aliyetutoka Jumanne iliyopita akiwa na miaka themanini na tisa. Ardessa Whitlow, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia katika Bunge la jimbo letu hili la Kusini mwa Marekani. Alikaa humo miaka ishirini na minane. Wengi wenu mnamjua kwa sheria moja, ile ya uandikishaji wa wapiga kura ya mwaka 1983. Yeye mwenyewe hakupenda isifiwe mbele yake. Leo nitawaeleza kwa nini, na nimepewa ruhusa na familia.

Alizaliwa mwaka 1934, hapa hapa kaunti ya Tallow, kwenye mashamba ya pamba. Walizaliwa wawili tu: Ardessa, na mdogo wake wa kiume, Elbert. Mama yao alifua nguo za watu. Ardessa akasoma, akawa mwalimu wa hesabu. Elbert hakupenda shule, lakini hakuna injini iliyomshinda. Mwaka 1961 Elbert aliiba betri ya trekta. Aliiba kweli, wala hakuwahi kukana. Wakamfunga miaka minne katika shamba la wafungwa. Betri moja, wasikilizaji wapendwa, miaka minne.

Mdogo wake akiwa ndani, Ardessa alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Karani akampa kipande cha katiba kinachohusu mifereji ya mashamba, akamwambia akieleze kwa maandishi. Mwalimu akakieleza. "Umeacha mkato mstari wa tatu," karani akasema, akamrudishia karatasi. Alirudi mara sita. Mara zote sita alikataliwa.

Kisha ikaja ile sheria ya Washington ya mwaka 1965, iliyopiga marufuku mitihani ya namna hiyo, na milango ikafunguka. Siku hiyo foleni ilizunguka jengo la mahakama. Elbert alikuwa ametoka kifungoni miezi mitatu tu. Alivaa koti la marehemu baba yao, mikono yake imeishia juu ya vifundo vya mikono.

"Dada, nimependeza?"

"Umependeza kama bata aliyekaribishwa harusini. Simama wima, watu wanatutazama."

Ardessa akaandikwa. Zamu ya Elbert ilipofika, karani akatoa daftari jingine, akapitisha kidole taratibu.

"Wewe ulifungwa. Aliyefungwa hapigi kura."

"Kifungo nilishakimaliza, bwana."

"Jela ndiyo umeimaliza. Hii ni mpaka kaburini."

Elbert akavaa kofia yake, akaenda kukaa ndani ya lori. Ardessa aliniambia mimi mwenyewe, hapa studio, kwamba kadi yake mpya ilikuwa mkononi na hakuiona. Aliona mgongo wa lile koti tu, unakwenda.

Basi alipogombea ubunge mwaka 1974, dereva wake alikuwa nani? Elbert. Alijua kila njia ya vumbi ya kaunti hii, na mbwa wa kila nyumba. Bintiye Elbert, Norvella, anakumbuka: "Baba alikuwa akiwaambia watu, 'Mpigieni dada yangu mara mbili, moja yenu, moja yangu.' Wote wanacheka. Nami mtoto nikidhani ni utani tu."

Ardessa alishinda kwa tofauti ya kura sitini na moja.

Bungeni hapakuwa na msala wa wanawake ghorofa ile ya juu. Ilibidi ashuke ghorofa mbili hadi chini. Mara ya kwanza aliposhuka, aliporudi alikuta kura imekwishapigwa. Mara ya pili alisimama katikati ya ukumbi. "Mheshimiwa Spika, nakwenda msalani. Naomba Waheshimiwa wasiamue lolote mpaka nirudi. Natembea haraka." Ukumbi ukaangua kicheko. Lakini walimngoja! Naye, akisimulia, alikuwa anaongeza: "Nilikwenda polepole makusudi."

Huyo ndiye Ardessa. Mwepesi wa mdomo, mgumu wa shingo.

Sasa tufike mwaka 1983. Enzi hizo ofisi ya kuandikisha hapa Tallow ilifunguliwa siku mbili kwa juma, saa za kazi. Mtu wa kiwanda cha kuku angekwenda lini? Ardessa akaandika mswada wenye vifungu tisa. Ofisi zifunguliwe Jumamosi. Vituo vya kura viwe karibu na watu. Na kifungu cha tisa: aliyemaliza kifungo chake arudishiwe kura yake. Kifungu cha tisa alikiandika kwa mkono, si kwa taipureta.

Asubuhi ya kura, mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja aliyeitwa Garland Teasley, akamvuta pembeni.

"Mama Whitlow, mswada wako mzuri. Toa hicho cha tisa, nakupa kura kumi na moja za watu wangu. Ukikiacha, unazika vyote tisa."

"Unanipa muda gani?"

"Chakula cha mchana. Dakika arobaini."

Elbert alikuwa nje, kwenye gari, kama kawaida. Alikuwa amemnunulia mkate wenye kambare wa kukaanga. Ardessa akaingia, akakaa kiti cha mbele kando yake. Wakala. Elbert akamtania kwamba viatu vyake vya bungeni vinalia kama panya. Kisha akamtazama vizuri.

"Mheshimiwa, mbona kimya? Wamekufanya nini huko?"

"Hakuna. Nimechoka."

Dakika arobaini, wasikilizaji wapendwa. Hakumwambia. Alifuta mikono, akarudi ndani, akakitoa kifungu cha tisa. Mswada ukapita kwa tofauti ya kura tatu.

Alipanga kumweleza nyumbani, baada ya chakula. Lakini walipokuwa njiani, redio ya gari ikasoma habari. Labda ilikuwa sauti ya kituo hiki hiki, sijui. Mtangazaji akasema sheria imepita, baada ya kuondolewa sehemu inayowahusu waliowahi kufungwa. Elbert akaendesha kama maili mbili, wakavuka daraja. Kisha akasema, macho barabarani:

"Ungeniuliza."

"Elbert, wangeuzika wote. Bunge lijalo nakirudisha, naapa..."

"Najua. Ungeniuliza, dada, ningekwambia kitoe. Ningekitoa mimi mwenyewe. Lakini ungeniuliza."

Akamfikisha hadi mlangoni, akamshushia mkoba wake. Na Jumatatu alikuja kumchukua saa ileile, kama kawaida. Hilo, Ardessa alisema, lilimuuma kuliko kama asingekuja.

Sheria ile ilifanya kazi. Nisiwafiche. Maelfu waliandikwa Jumamosi ya kwanza na zilizofuata. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao, na sare yake ya kiwanda ikinuka kuku. Kwa hiyo ninayewasimulia nimekula matunda ya mapatano yale, na sina mdomo wa kumhukumu mtu.

Ardessa alikirudisha kifungu kile. Alikirudisha mara kumi na moja. Mara kumi na moja kikaangushwa. Teasley alistaafu, wakaja wengine, na sababu mpya. Kila mara Elbert alikuwa nje kwenye gari, na kila mara Ardessa alipotoka alitikisa kichwa tu, naye akawasha injini.

Mwaka 1999 Elbert aliugua mapafu. Norvella alikuwepo hospitalini. Anasema shangazi yake aliinama kitandani, yeye ambaye hakuwahi kuwainamia maspika, akasema, "Elbert, nisamehe."

Elbert akamshika mkono. "Nilishakusamehe siku ileile, kabla hatujafika darajani. Lakini kusamehe si kupiga kura, dada."

Alikufa wiki hiyo. Hakuwahi kupiga kura. Miaka sitini duniani, na hakuwahi kupiga kura hata moja.

Mwaka 2003 sheria ikatimiza miaka ishirini, na kukaandaliwa hafla kubwa. Hotuba, maua, kwaya. Ardessa alikwishastaafu. Walipompa kipaza sauti alisema maneno machache: "Mnanishukuru kwa vifungu vinane. Asanteni. Mdogo wangu alikuwa cha tisa." Akaketi. Watu hawakujua wapige makofi au wafanye nini.

Sheria yetu bado inawanyima kura waliowahi kufungwa, ila siku hizi mtu mmoja mmoja anaweza kuomba. Fomu ni ndefu, na ina lugha ya kukatisha tamaa. Basi kwa miaka kumi na sita ya mwisho, mwalimu huyu wa hesabu alikaa ukumbi wa kanisa kila Jumamosi, akiwajazia watu. Waliokubaliwa ni mia mbili na kumi na wanne. Kabla hajaandika jina, alikuwa anaweka kalamu chini kwanza na kumuuliza mtu: "Wewe mwenyewe unataka nini?" Norvella anasema kuna mwanamume mzima aliyelia kwa swali hilo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Norvella, na ukoo wote wa Whitlow, poleni sana. Harpersfield yote inaomboleza nanyi. Mungu amlaze pema, na Elbert pia, maana huwezi kumtaja mmoja ukamwacha mwingine.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, jioni hii tafakarini kidogo. Uchaguzi ni Novemba. Kama jina lako limo daftarini, nenda. Usiseme huna usafiri. Wapo watu kaunti hii watakaokupeleka kwa magari yao hadi mlangoni, wazime injini, wakusubiri hapo nje mpaka utoke.