Mwalimu Jabez Ormerod na Saini Aliyoiamini

Ndugu, jamaa, majirani wa Thornshaw, na ninyi mliokanyaga theluji kwa miguu kutoka Clegg Bottom kwa kuwa basi halijapita tangu juzi, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, na kwa kuwa familia iliyobaki ni mimi peke yangu, Enid, ni sawa na kusema nimejituma mwenyewe. Mchungaji Pollitt alinishauri kwa upole niuruke mwaka 1938, nikamwambia, Mchungaji, tukiuruka huo tutakuwa tumemzika mtu mwingine.

Marehemu Jabez Hindle Ormerod alizaliwa tarehe 9 Mei 1871, hapa hapa Thornshaw, Mtaa wa Weir, akiwa mtoto wa nne wa Samuel Ormerod, mfumaji wa pamba, na mkewe Hannah. Alisoma shule ya kanisa hili, na alipotimiza miaka kumi akawa anashinda kiwandani asubuhi na darasani mchana, akisinzia kote kuwili. Akiwa na miaka tisa alikuwa ameshatia saini ahadi ya kutoonja kileo, mbele ya wazee wa kanisa, kama watoto wote wa hapa walivyofanya, na nawaambieni, amekufa ana miaka sabini na mitano bila kuonja hata ile divai ya matunda ya shangazi Bertha, ambayo wote tunajua haiwezi kumlewesha kuku.

Tarehe 6 Agosti 1895 alifunga ndoa na Martha Ann Kershaw, aliyetutangulia mwaka 1929, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Clement, aliyezaliwa mwaka 1896, na mimi, mwaka 1904. Mwaka 1899 akawa mwalimu mkuu wa shule ya Mtaa wa Bridge, akaishika miaka thelathini na miwili, na humu ndani wapo wengi waliopitia mikono yake, mnalikumbuka lile daftari lake la ahadi, wanafunzi wawili wakipigana hawachapwi, wanaandika kosa lao, wanaahidi, wanatia saini, wanapeana mikono, basi, yamekwisha. Aliapa kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyevunja saini yake. Mjomba Seth alikuwa akimtania, Jabez, hao hawavunji kwa sababu mama zao wamo kanisani, wanawaangalia. Baba alicheka, lakini neno lile hakulitia akilini, na laiti angelitia.

Septemba 1914 meya alimwomba awahimize vijana waende vitani, baba akasimama kwenye ngazi za ukumbi wa mji na madaftari yake ya mahudhurio, akawaita wanafunzi wake wa zamani kwa majina, mmoja mmoja, kama asubuhi ya darasani, nao wakaitika, nipo Mwalimu, nipo Mwalimu, wakapanda ngazi. Waliitika mia mbili na kumi na mmoja. Clement alikuwa mmoja wao, ana miaka kumi na minane, na baba hakuliruka jina lake. Waliwekwa kikosi kimoja, na Jumamosi tarehe 1 Julai 1916, kule Ufaransa, walitoka kwenye mahandaki saa moja na nusu asubuhi, na ilipotimia saa mbili Thornshaw ilikuwa imeshapoteza mia moja na thelathini na wanne, Clement akiwemo. Mtaa wa Weir ulishusha mapazia nyumba hadi nyumba, na baba akapita kila mlango kutoa pole, na milango mingine ilifungwa usoni pake.

Hapo ndipo ilipoanzia siasa yake, wala si penginepo. Novemba 1935, akiwa na miaka sitini na minne, alichaguliwa Mbunge wa upande wa serikali, na wanaosema alitafuta ukubwa hawakumjua, alichotaka ni kiti ambacho angekaa akasema, hapana, si tena. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Bunge lile lilikuwa limejaa watu waliotafunwa.

Wakati huo mimi nilikuwa mbali. Nilikwenda Prague kufundisha Kiingereza mwaka 1930, na tarehe 2 Juni 1932 nikaolewa na Otakar Havelka, mhandisi wa kiwanda cha vioo, tukaishi Teplice, karibu na mpaka wa Ujerumani, katika ukanda uleule ambao mwaka 1938 Ujerumani ilisema ni wake, la sivyo vita. Jumanne tarehe 27 Septemba niliingia jikoni kwa baba na sanduku mkononi, nimetoka kwa mume wangu kuja kumwomba baba yangu asiitoe nyumba yangu.

Nilikuta mbele yangu Bi. Alice Entwistle, ambaye yupo hapa, safu ya tatu, na amenipa ruhusa niyaseme haya. Kwenye bustani ya mji walikuwa wakichimba mahandaki ya kujikinga na ndege za mabomu, na yeye alikuwa ametoka shuleni kujaribishwa kinyago cha kuzuia gesi ya sumu, amekiweka mezani kando ya mkate. Alimwambia, Mwalimu, uliita, wanangu watatu wakaitika. Safari hii utamwita nani? Mimi? Baba alimmiminia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Alipoondoka nilianza mimi. Baba alinipa sababu zote za London, na hazikuwa za kipumbavu, kwamba ndege zetu hazijatosha, kwamba Wafaransa wamechoka, kwamba Kanada na Australia hazitaki kusikia, kwamba wakuu wa hospitali wameambiwa wajiandae kwa maelfu kwa maelfu wiki ya kwanza tu ya mabomu, kwamba Wajerumani walibanwa mno kwenye mkataba wa 1919 na wakazi wa kule mpakani ni Wajerumani kweli. Nikamwambia, baba, si ungesema tu kwamba unaogopa? Akapiga meza, yeye ambaye hakuwahi kupiga meza, akasema, naogopa, Enid, naogopa kila siku ya Mungu, haya, umeridhika?

Sikuridhika. Ijumaa Waziri Mkuu alirudi kutoka Munich, mkuu wa Wajerumani ametia saini mkataba wa amani baada ya kukubaliwa ukanda wetu wa mpakani, kengele za kanisa hili zikalia, watu wakakumbatiana barabarani, na baba akaja na gazeti, uso umenawiri kama wa bwana harusi. Amesaini, alisema, Enid, mwanangu, amesaini! Nikamuuliza, kwani huyo naye ni mwanafunzi wako? Akanijibu kwa upole uliokata maini, mwanangu, mtu huanza kuaminika pale anapoaminiwa.

Jumatano aliposhika treni kwenda Bungeni nilimsindikiza stesheni, nikamshika koti mbele za watu, nikamwambia, kesho ukipiga kura ya kuukubali mkataba ule, umenitoa mimi. Alinibusu kwenye paji la uso, akapanda. Alhamisi tarehe 6 Oktoba 1938 aliipigia kura serikali, na Jumamosi nikarudi kwa mume wangu bila kumuaga baba. Wajerumani walikuwa wameshaingia Teplice, na Otakar alikuwa amekimbilia Prague na masanduku mawili.

Tarehe 15 Machi 1939 wakaingia na Prague. Bi. Alice ndiye aliyekuwa na baba redio iliposema, anasimulia kwamba alikaa kitako kofia ikiwa kichwani, akabaki anarudia maneno matatu, lakini alisaini, Alice, lakini alisaini, Alice. Mwezi uliofuata Otakar alikamatwa. Mimi nilikuwa nimepoteza uraia wa Uingereza kwa kuolewa na mgeni, na baba, mzee wa miaka sitini na saba, alizunguka ofisi za London kofia mkononi, akikaa kwenye mabenchi, mpaka Julai nikaruhusiwa kuingia nchi niliyozaliwa. Otakar hakuwahi kutoka. Alifia gerezani Februari 1942, nami nikaja kujua vita vilipokwisha, kwa barua ya mistari miwili.

Baba aliishi na yale. Tarehe 8 Mei 1940 aliipigia serikali ileile kura ya kuikataa, miaka yote ya vita alikesha zamu ya kuzima moto wa mabomu juu ya paa la shule, na mwaka 1945 hakugombea tena. Sisemi alikuwa sahihi. Alikosea, nami nililipa, na Otakar alilipa zaidi. Lakini asije mtu akaniambia alikuwa mwoga, kwa sababu mwoga angeikimbia milango ile ya Mtaa wa Weir.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba mwaka jana, na Januari akawa wa kitandani moja kwa moja. Wiki tatu kabla ya mwisho, nikimlisha uji, alishika kijiko, akasema, Enid, kuhusu Otakar, nakuomba unisamehe. Nikamwambia, baba, sijawa tayari. Akasema, haya mwanangu, nitasubiri, akameza uji wake. Hakusubiri. Alifariki Jumanne tarehe 4 Machi 1947, saa kumi na moja jioni, na theluji ikatuzuia kuchimba kaburi mpaka leo tarehe 15, tarehe ileile walipoingia Prague, ambayo nisingeichagua mimi.

Namshukuru Daktari Whittam, aliyekuja kwa miguu gari lilipokwama, na muuguzi Dilys, na majirani waliotugawia makaa yao huku wenyewe wakitetemeka, na walimu wa Mtaa wa Bridge, na wabunge wenzake waliotuma salamu, wa pande zote mbili.

Baba, leo asubuhi nikifunga viatu vya kuja kukuzika nimejikuta niko tayari. Nimekusamehe. Nimechelewa siku kumi na moja, na hilo sasa ni langu la kuishi nalo. Lala, mzee wangu, amani iwe nawe.